Mrefu wa Klabu ya Zumaridi

Othmani, fundi cherehani wa Kihesa, alikuwa mtu wa maneno machache mpaka umguse habari ya Klabu ya Zumaridi. Hapo utakoma mwenyewe. Alikaa Dar es Salaam kabla ya kuja Iringa kuoa na kutulia, na huko, kwa kauli yake, kulikuwa na klabu ya dansi ambayo si kila mwenye miguu aliingia. Uwe na koti, uwe na tai, uwe na kadi ya uanachama, na juu ya hayo bawabu awe anaujua uso wako. Makarani wazima walirudishwa pale mlangoni mbele ya wake zao. Ndani sakafu inang'aa kwa nta, tarumbeta zinalia, chai inaletwa kwenye vikombe vya kaure. Watu walikuja kwake kupunguza suruali wakaondoka na Zumaridi nzima kichwani.

Mkewe Siwema alizipenda habari hizo, mwanzoni. Lakini mke mwenye akili zake husikia na yale yasiyosemwa. Othmani aliwataja wapiga tarumbeta, akamtaja mpishi, akamtaja hata paka wa jikoni; aliyecheza naye hakumtaja. Siwema akiuliza, bwana anainama kutafuta uzi chini ya cherehani, na uzi uko mezani unamtazama.

Halafu kulikuwa na ule mkono. Kila akiweka santuri kwenye gramafoni, Othmani alifumba macho, na mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe, ukatua hewani kwenye bega la mtu asiyeonekana. Tena juu, usawa wa macho yake. Othmani hakuwa mrefu, na Siwema alimfika kidevuni tu. Akapima kwa macho, akajua bega lile si lake. Lilikuwa la mwanamke mrefu. Lo, uchungu gani huo, umpikie mtu na kumzalia, kumbe mkono wake unakumbuka bega la mwingine.

Mara ikaja habari kwamba Selemani, binamu yake Othmani, mfanyabiashara wa Mbeya, anamwoza binti yake, na baada ya ndoa kutakuwa na dansi. Othmani akasema atakwenda peke yake. Barabara ina matope, akasema. Basi lina baridi. Mtoto atabaki na nani? Siwema akasikiliza visingizio vyote hivyo vya safari moja, na shaka yake ikanenepa. Alikwisha kumwomba mara nyingi amfundishe dansi, na jibu lilikuwa lile lile, kwamba dansi si jambo la mke wa mtu. Jirani yao Mwanakhamisi, aliyekuja kuazima kinu, akamwaga mafuta ya taa juu ya moto: alisikia kuna mwanamke kutoka Dar es Salaam amefungua mgahawa kule Mbeya. Siwema akauliza kama ni mrefu. Mwanakhamisi akasema wanasema akipita mlangoni anainama.

Basi. Siwema akafunga nguo zake kwenye kanga, akampeleka mtoto kwa Mwanakhamisi. Othmani aliporudi kutoka kuswali alasiri alikuta furushi kitandani na mkewe amekaa kando yake.

"Baba Muhidini, Mbeya nenda," alimwambia. "Mimi nakwenda kwetu Chimala, na talaka yangu utanitumia huko. Ila kabla sijatoka, cheza nami kama ulivyocheza na huyo mrefu wako. Nataka nijue nimeshindwa na nini."

Othmani akala yamini kwamba hakuna mwanamke yeyote. Siwema akasema kama hakuna, kucheza kuna ugumu gani?

Othmani akazungusha mpini wa gramafoni. Wakasimama uso kwa uso, Siwema akisubiri kushikwa, na Othmani naye akisubiri. Mkono wake wa kushoto ukapanda begani kwa mkewe, wa kulia akauweka pembeni, kama anayengoja kuchukuliwa. Rumba ilipoanza akarudi nyuma. Akarudi tena, kiuno chepesi, miguu inajua kazi yake, akamwacha mkewe amesimama peke yake. Siwema hakujua dansi, lakini aliwahi kuchungulia ukumbini mjini, akaona kwamba mwanaume huja mbele na mwanamke hurudi nyuma.

"Wewe ndiye uliyekuwa mwanamke," akasema.

Othmani akakaa juu ya furushi, akatoa yote. Kadi hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa akipiga pasi makoti ya wanachama. Mchana mabwana walikuja kufanya mazoezi, na saa hizo hakuna mwanamke wa heshima aliyeweza kuonekana pale, basi wakamchukua yeye, mfupi na mwepesi. Huyo mrefu alikuwa karani wa forodha. Jioni bawabu alimfungia nje kama wengine, akazisikiliza tarumbeta kupitia ukuta. Miguu yake ameijaribu nyuma ya nyumba, imekataa kabisa kwenda mbele. Angempeleka Siwema Mbeya, angelazimika kucheza naye, na wageni wa Selemani wangemcheka mpaka mwakani.

Siwema alitaka kucheka, akataka pia kumzaba kofi. Usingizi wote ule umempotea kwa ajili ya karani wa forodha!

"Na huyo wa mgahawa?"

"Simjui hata jina."

Akamkazia macho, akamchunguza, akaamini, ingawa si yote kwa mpigo. Kisha akamuuliza kama kule Zumaridi alikuwa na furaha kweli, au hilo nalo ni chuku.

"Hilo si chuku, mke wangu," Othmani alisema. "Sijapata kufurahi vile tena."

Neno hilo lilimchoma Siwema kuliko mwanamke yeyote mrefu. Akamshika mumewe mkono akamwinua juu ya furushi, akairudisha sindano mwanzo wa santuri, akamshika kiunoni.

"Weka mkono wako unapopajua," akamwambia. "Haya, rudi nyuma, mimi nakuja."