Harufu Iliyokwenda Chukwani

Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Bi Salhiya hukata nusu kilo ya nyama laini nyembamba nyembamba, akikata kinyume na nyuzi zake isije ikamshinda meno. Karoti hufanya vijiti. Pilipili boga, nyekundu na ya kijani. Kabichi kidogo, vitunguu maji, na vitunguu thomu punje sita za kuponda. Karai huliacha mpaka litoe moshi, kisha nyama huitia kidogo kidogo, maana ukiijaza yote pamoja hutoa maji, ikachemka badala ya kukaangika. Mboga huzitia mwisho, zibaki na mlio mdomoni. Sosi ya soya vijiko viwili, basi.

Huandaa sahani tatu. Anakaa peke yake.

Chakula kikiiva, harufu yake hushuka ngazi, hufungua mlango wa chini na kwenda Chukwani kwa mwanawe Abdulhakim na mkewe Nusrat. Huenda kwa miguu. Ahmada, muuza kahawa wa pale barazani, huvuta miguu yake ipite.

"Wasalimie," huiambia.

Ikifika hukaa kwenye kochi. Alasiri Abdulhakim hupiga simu. Siku nyingine hapigi.

"Shikamoo mama. Imekuja tena."

"Marahaba baba. Mmeikaribisha?"

"Ishakaa kwenye kochi jipya. Nusrat kichwa kinamuuma. Punguza thomu, mama."

"Si mje mle huku, isipate tabu ya kuja huko?"

"Inshallah Ijumaa ijayo."

Ijumaa ijayo ilikuwa haijafika tangu ile Idi Nusrat aliposogeza sahani kando, na Bi Salhiya akasema mbele ya mawifi, "Mke asiyekula thomu hakulelewa huyo, kafugwa." Mawifi walicheka. Nusrat alinawa mikono.

Magharibi harufu hurudi imechoka, ina mchanga miguuni. Lakini hairudi mikono mitupu. Imezaliwa mjini, inajua kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu. Huleta cha huko: sabuni, samaki wa kukaanga, rangi mbichi ya ukuta. Bi Salhiya huinusa akajua wamekula nini na wametengeneza nini.

Ijumaa moja ilileta udi, na uji wa pilipili manga anaopewa mzazi, na chini kabisa, kama kitu kilichofungwa pembeni mwa kanga, utosi wa mtoto mchanga.

Bi Salhiya aliinusa mara mbili. Kisha akapiga simu mwenyewe.

"Hamjambo nyote?"

"Hatujambo, mama."

"Mko wangapi?"

Abdulhakim alikohoa. "Tuko vile vile, mama."

"Haya baba. Alhamdulillahi."

Ijumaa iliyofuata alikata nyama ile ile na karoti zile zile. Sahani alitoa tatu, na kisahani kidogo. Thomu aliiacha kikapuni. Alijua anachokiacha: bila ya thomu hapana kichwa kitakachouma, na kichwa kisipouma hapana simu.

"Ingia polepole," aliiambia harufu mlangoni. "Mna mtoto."

Ikashuka ngazi, nyepesi kama mgeni. Ahmada hakuvuta miguu.

"Bi Salhiya!" aliita akiangalia juu. "Kuna mtu kanipita hapa, hata salamu!"

"Yetu hiyo," alimjibu dirishani. "Leo haikutiwa thomu. Inakwenda kumwona mtoto wa Abdulhakim."

"Hongera! Wa kike au wa kiume?"

"Hawajanambia."

Ahmada akasema mtoto ni mtoto, akaendelea kusuuza vikombe.

Simu haikulia alasiri. Magharibi harufu ilirudi imebeba utosi na maziwa, mengi kuliko mara ya kwanza, kwani safari hii hapakuwa na mtu aliyefungua madirisha kuitoa. Bi Salhiya alikaa nayo mkekani, akainusa taratibu mpaka ikaisha.

Kisha alikula nyama iliyopoa, akaosha sahani moja. Zile mbili safi na kisahani akavirudisha kabatini.