Kata Moja ya Oili

Luteni Aksel Thorsager alikuwa na wiki tatu Ufini bila kupewa ndege, na katika wiki hizo hakuna siku aliyofunga mdomo. Alikuwa Mdenishi, mtoto wa mtengeneza jibini, aliyekuja kwa hiari yake kuwasaidia Wafini kupigana na Warusi. Kila asubuhi alimfuata Fundi Vilho Hautakangas juu ya barafu ya ziwa, pale ndege namba saba ilipoegeshwa kwenye skii zake, mbao ndefu za kutelezea thelujini. Walisemezana kwa Kiswidi cha kuungaunga.

"Fundi, leo?"

"Leo kuna baridi."

"Jana pia ulisema kuna baridi."

"Kwani nilidanganya?"

Kapteni wa kikosi alikwisha kutoa kauli: ndege ni ya fundi, rubani huazimwa tu. Fundi asipomkubali Mdenishi kufikia Jumatatu, Mdenishi atapelekwa kusini kufundisha wanagenzi.

Vilho hakumchukia. Tatizo lilikuwa Tauno, rubani wa kwanza wa namba saba, shujaa kupita kiasi. Tauno aliisikia injini ikigonga, akanyamaza asije akazuiwa kuruka. "Iko sawa kabisa, fundi," alisema. Kesho yake Vilho alisimama barafuni na turubai la kufunikia injini mikononi mpaka giza likaingia. Ndege iliokotwa msituni, ikatengenezwa. Tauno hakutengenezeka.

Jumamosi saa tisa alasiri Vilho na Aksel walikwenda sauna kwa Mama Hilja, mjane mwenye shamba la kando ya ziwa. Kibanda chake cha mvuke ndicho pekee kilichokuwa na joto la kuaminika, kwa hiyo Vilho, kila ndege ilipotua, aliikamua oili ya injini na kuihifadhi humo isigande. Madebe mawili ya oili, na la tatu la maji, yalipangwa sakafuni kwenye giza.

"Panda juu, luteni. Benchi la chini ni la watoto na wachungaji wa kanisa."

"Huko juu kichwa kinazunguka."

"Benchi la tatu tu kichwa kinazunguka? Na mawinguni je?"

Aksel akapanda. Vilho, alipoiva vya kutosha, akatoka kwenda kujigaragaza thelujini. "Yamwagie yale mawe ya moto maji," alimwambia. "Nikirudi nikute mvuke wa watu wazima."

Alikuwa chali kwenye theluji aliposikia mlio kama wa paka aliyekanyagwa mkia, ukifuatwa na matusi ya Kidenishi. Mlango ukafunguka kwa kishindo, moshi mweusi ukatoka, na nyuma yake Aksel, uchi, mweusi kuanzia kwenye paji la uso hadi kitovuni, kata ya maji bado mkononi.

Mama Hilja alikuja mbio na ndoo ya maziwa. "Sauna ya marehemu mume wangu! Ni dohani hiyo! Vilho, nimekwambia tangu Krismasi, dohani imepasuka! Pole, mwanangu, imekuunguza?"

Vilho aliijua harufu ile kwa miaka kumi na miwili. Dohani haikuwa na kosa, ila dohani haina mdomo wa kujitetea. Akamtazama Aksel. Akangoja.

Meno ya Aksel yalikuwa yanagongana. "Si dohani, mama. Ni mimi. Nimechota kwenye debe la oili."

"Umeyamwagia mawe yangu oili? Ulikuwa unakaanga samaki?"

"Nisamehe, mama." Akamgeukia Vilho. "Fundi, kuna baya zaidi. Kata ilikuwa na maji. Nimeizamisha kwenye oili, sijui yameingia kiasi gani. Ukiirudisha kwenye injini hivyo hivyo..."

Maji yale yangeganda ndani ya bomba, injini ikazimika juu ya msitu, na hakuna ambaye angejua sababu.

"Debe lipi?"

"La katikati. Nadhani. Usiniamini, yachemshe yote mawili. Nipeleke kusini ukitaka."

Vilho akajipangusa theluji. "Vaa suruali, luteni. Mama anakuona."

"Nimezaa wanaume wanne," alisema Mama Hilja. "Sijaona kipya hapo."

Jumapili nzima Aksel aliyasugua mawe kwa majivu, moja moja, huku Mama Hilja akimrudishia yale ambayo hayakumridhisha. Vilho aliichemsha oili taratibu mpaka maji yakaisha na ikaacha kutatarika.

Jumatatu asubuhi namba saba ilikuwa imevuliwa turubai, injini ina moto. Ubavuni, chini ya kiti cha rubani, palichorwa kata kwa rangi nyeupe mbichi.

"Wenzangu wamechorewa tai na dubu," alilalamika Aksel.

"Wenzako hawajawahi kukaanga mawe. Panda."

Dakika arubaini Vilho alisimama barafuni na turubai mikononi. Alijiambia anahesabu miti ya ng'ambo. Kisha akaisikia, halafu akaiona, ikishuka chini chini na kuserereka juu ya ziwa. Haijasimama vizuri, Aksel alikwisha kutoa kichwa nje.

"Fundi! Skii ya kushoto inavuta, injini imekohoa mara mbili nilipopanda, na ule msonobari wa mwisho, nadhani nimeugusa, tena si nadhani, nimeugusa, na halafu..."

"Polepole," alisema Vilho, akilikunjua turubai. "Anza na injini."