Waya Juu ya Paa

Lori lilipokuwa likirudi nyuma liligonga nguzo, na waya wa umeme ukaanguka juu ya paa lake. Ukatema cheche, kisha ukabaki hapo ukivuma.

Ndani walikuwa wawili: fundi umeme, mwanamke mwenye maneno machache, na mume wa dada yake, dereva aliyekodiwa kubeba nguzo mpya. Dereva alinyoosha mkono kwenye kitasa. Fundi akaudaka.

"Usishuke, shemeji. Ukikanyaga chini huku umeshika lori, umeme utapita mwilini mwako. Humu ndani tuko salama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wauzime."

Akapiga simu kituo cha umeme. Kisha, kupitia dirisha lililokuwa wazi, akawapigia kelele watu waliokuwa wakisogea: wakae mbali, maana hata ardhi ile ilikuwa na umeme.

Jua likawaka. Shati la dereva likamganda mgongoni. Kila alipojisogeza kidogo kiti kililia, naye akaganda tena kama mwizi.

"Shemeji," alisema hatimaye, "nimebanwa."

"Jikaze."

"Nimejikaza tangu tulipotoka stoo."

Fundi akampa chupa tupu ya maji, akageukia dirishani na kuanza kukohoa kwa nguvu, akaendelea mpaka koo likamwasha.

"Dada yako asijue," dereva alinong'ona.

Mara mvumo ukakoma. Watu wakapiga makofi. Fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana ng'ambo ya barabara, akaja na fimbo ndefu ya mbao ili auondoe waya.

"Umeme umekatika. Tushuke," dereva alisema, mkono tayari uko kwenye kitasa.

Hata miguu ya fundi umeme ilitaka kushuka. Lakini hakuna aliyempigia kumwambia umeme umezimwa, na alijua swichi ya kituoni inaweza kujiwasha tena yenyewe.

"Kaka, simama hapo hapo," alimwambia mchomeleaji. "Rudi nyuma. Hatua fupi fupi, miguu isiachane."

Mtu yule alikunja uso, hakuzoea kuamrishwa mbele za watu. Akarudi, lakini shingo upande.

Waya ukalia pwaa, umeme umerudi! Nyasi kando ya tairi zikatoa moshi. Dereva akaondoa mkono kwenye kitasa, akaukalia.

Fundi alihesabu misumari ya bati la karakana, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Mwenzake wa kituoni alipofika na glavu zake, alipima waya, akauunga na ardhi kwa kebo nene.

"Umezimwa kabisa. Nimepima, nimeuunga na ardhi. Shukeni."

Sasa dereva ndiye aliyegoma. "Tangulia wewe."

Fundi akashuka, akasimama karibu, akagonga ubavu wa lori kwa kiganja ili shemeji yake aone kuwa hakuna umeme. Dereva akajiburuta mpaka mlango ule ule, akamshika mabega kwa mikono miwili, na hakuyaachia mpaka walipovuka barabara.