Kanzu Zilizokataa Kukaa

Usiku wa jana niliota nimealikwa harusini na kanzu. Si mwenye kanzu, kanzu yenyewe. Nikaijua mara moja, maana ni mimi niliyeipiga pasi.

Mimi ni dobi, hapa Tanga. Kanzu naipiga pasi kwa ndani, ili tarizi ya shingoni isilale, na mikono naimaliza bila kuacha mstari. Nasema bila haya: mjini hapa hakuna wa kunifikia. Lakini bosi wangu, Bwana Msellem, ameniondolea stuli. Eti dobi akikaa, kazi inalala. Miguu imenivimba, na nilikuwa nimeshaazimia kuiacha kazi ninayoipenda.

"Harusi ya nani?" naiuliza kanzu.

"Ya mtoto wa bosi wako. Imekwama. Twende."

Naifuata jikoni kwangu, na jikoni kumekuwa msikiti. Wanaume wote, kila mmoja na kanzu yake, wamesimama wima. Bwana harusi anatakiwa akae mbele ya shehe aozeshwe, lakini magoti hayakunjiki. Shehe anamkandamiza mabegani, kwa adabu. Wapi.

"Kuna nini?" nauliza.

Kanzu zinajibu kwa pamoja: "Aliyetunyoosha hakai. Na sisi hatukai."

Nazitazama, nyeupe, zimenyooka, zote kazi ya mikono yangu. Naona fahari mpaka machozi yananilengalenga.

Bwana Msellem ananijia akitembea kwa miguu iliyokakamaa. "We dobi," ananong'ona, "hebu kaa basi."

"Nina jina."

Anameza mate. "Bi Mwanaidi."

"Nikae juu ya nini?"

Stuli yangu inakohoa kutoka nyuma ya mimbari. "Mimi nimefungiwa stoo," inasema. "Hapa nimekuja kwa ruhusa ya muda tu. Sikaliwi mpaka aliyenifungia aje kunifungulia mwenyewe, akiwa macho."

Watu wote wanamgeukia Bwana Msellem. Naye ananitazama mimi.

Hapo nikaamka. Kumekucha, na mtu anagonga mlango. Nikafungua. Ni Bwana Msellem, amevaa kanzu yake ya harusi, stuli kaibana kwapani. Amenyooka kupita kiasi.

"Karibu ndani, bosi," nikamwambia. "Kaa unywe chai."

Akatazama kiti, akanitazama mimi.

"Tangulia wewe, Bi Mwanaidi," akasema taratibu. "Nakuomba. Ndoa ya mwanangu inafungwa asubuhi hii."

Nikaipokea stuli, nikaanza kuifuta vumbi. Sikuwa na haraka hata kidogo.