Wimbo wa Mlango wa Nyuma

Kiwandani walimwita Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alishona kola za mashati huku akiimba, na wimbo wake uliopendwa zaidi aliutunga siku msimamizi alipotia kufuli mlango wa nyuma, eti watu wanapitisha vitambaa vya wizi: "Fungua, bwana, fungua, nina watoto nyumbani."

Wifi yake, mkata vitambaa, hakuwa mtu wa nyimbo.

"Wifi, utatuponza. Ukifukuzwa, kaka yako atasema nimekupa kichwa."

"Kaka yangu huyo anayeimba bafuni?" Kasuku alijibu, na meza nzima ikaangua kicheko.

Katika ukumbi wa nyuma walishona wanawake walioletwa kutoka nchi jirani, wenye lugha yao. Mkata vitambaa aliwanunia tangu siku waliyofika, akiamini wameletwa kuwanyang'anya wenyeji kazi. Kasuku ndiye pekee aliyekula nao mchana. Aliwafundisha wimbo wake, nao wakamfundisha wa kwao.

Moto ulianzia kwenye pasi za umeme, asubuhi. Mawifi hao wawili walitoka kwa mlango wa mbele wameshikana mikono. Walipofika uani, Kasuku akasimama.

"Wale wa nyuma hawana pa kutokea."

"Wifi, acha! Zimamoto wanakuja!"

Kasuku alijichomoa, akanyakua nyundo ya fundi mitambo, akazunguka jengo. Kufuli lilivunjika, wanawake wakamiminika nje wakikohoa. Mmoja alikuwa ameanguka ndani. Kasuku aliingia kumvuta. Hakutoka hata mmoja wao.

Msibani wageni wale walikuja kutoa pole. Mkata vitambaa aliwapa kisogo.

"Wangebaki kwao, wifi yangu angekuwa hai," alimwambia mumewe.

Mumewe, macho yamemvimba, alisema taratibu, "Usiseme hivyo, mke wangu. Nao wamezika."

Kiwanda kilipofunguliwa tena, mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli jipya. Wageni waligoma kuingia. Walisimama getini wakaimba wimbo wa Kasuku, maneno yakiwateleza: "Fungua, bana, fungua, nina toto nyumbani." Msimamizi alifoka kwamba atawarudisha kwao. Hawakunyamaza.

Mkata vitambaa alikuwa kwenye foleni ya kuingia. Alitaka kukasirika, wimbo wa wifi yake kuvurugwa vile, lakini hasira haikuja. Kilichokuja ni kilio. Akatoka kwenye foleni, akasimama kando ya mama mmoja wa makamo aliyeimba huku machozi yakimtiririka.

"Kasuku, nani yako?" mama yule aliuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza.

"Wifi yangu. Na yule aliyebaki naye ndani?"

"Mtoto. Mtoto yangu."

Mkata vitambaa alimshika mkono akaanza kuimba, sauti mbovu, nje ya mdundo. Nyuma yake foleni ikakatika. Wenyeji wakaja, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Siku hiyo hakuna cherehani iliyolia.

Kufuli liliondolewa. Lakini msimamizi naye alitimiza tishio lake: wageni wote walipakiwa kwenye basi, wakarudishwa kwao. Wenyeji walisimama barabarani wakiimba mpaka basi likapotea, na hawakuweza kulizuia.

Jioni mkata vitambaa aliketi kitandani na viatu vyake miguuni. Mumewe alimuuliza kulikoni.

"Wameondoka," alisema. "Na mimi sikumuuliza yule mama, mwanawe aliitwa nani."