Bright Alipoanza Kunenepa

Edisa hakuwa mtu mbaya, na ukimuuliza mwenyewe atakuambia hivyo kabla hujamaliza swali. Alikuwa mjane wa Kyondo aliyelea watoto watano kwa kahawa na mihogo, kwenye kilima ambacho hata mbuzi hukipanda akipumzika njiani. Uzeeni Mungu akamkumbuka kwa ng'ombe. Tena si ng'ombe wa pembe ndefu wa kule bondeni, bali ng'ombe wa kizungu, mweusi kwa mweupe, aliyeletwa na kikundi cha akina mama wa kanisa mwaka 2013. Ilipigwa kura, ikamwangukia yeye. Tangu siku hiyo watu walimsalimia kama mwenye ng'ombe, na salamu hiyo ilimkaa vizuri kuliko gauni lolote alilowahi kuvaa.

Maziwa mengine aliuza, mengine alitia kwenye chai, lakini kikombe cha kwanza cha kila asubuhi kilikuwa cha Bright, mjukuu wake. Baba yake Bright, Kathembo, aliendesha lori la mbao kati ya Beni na Kasese, na nyumbani alionekana mara moja kwa mwezi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mkewe, Medius, binti wa Bwera, alikaa na mama mkwe.

Na Bright alikuwa haongezeki. Alipotimiza mwaka alikuwa na kilo saba. Alipotimiza mwaka na nusu alikuwa na kilo saba na robo. Tumbo lilimvimba, mikono ikabaki mifupa; aliharisha leo, kesho akanyamaza, keshokutwa akaharisha tena. Kila mwezi kwenye kituo cha afya walimning'iniza kwenye mzani, wakatia nukta kwenye kadi, na nukta ikakaa palepale ilipokaa mwezi uliopita. Mhudumu alikuwa na ushauri mmoja tu kwa watoto wote wa kilima: apewe maziwa. Edisa alirudi nyumbani kichwa juu. Nani mwingine Kyondo angeweza kuitii amri hiyo kila siku ya Mungu?

Aliyeona ni Medius. Ng'ombe alipokaribia kuzaa, maziwa yalikauka miezi miwili, na katika miezi hiyo Bright alicheka, akashika ukuta, akatembea hatua nne. Ng'ombe akazaa, kikombe kikarudi, na kuharisha kukarudi nacho. Medius alilifikiria jambo hilo siku tatu nzima kabla hajafungua mdomo, maana alimjua mama mkwe wake.

"Mama," akasema, amepiga magoti, mtoto mgongoni, "mi naona kama ni maziwa. Wakati ile ngombe ilikauka, mutoto alikuwa muzuri. Tujaribu kuacha wiki moja tu."

"Maziwa yangu iko na nini?"

"Haiko na kitu, Mama. Ni tumbo yake tu."

"Maziwa yangu anakunywa muchungaji. Anakunywa mwalimu. Batu ya kituo beko banakunywa. Sasa ni mutoto yako tu ndiyo inamuharibu?"

Ungeweza kumwambia Edisa kwamba amezeeka, akacheka. Ungeweza hata kumwambia kwamba uji wake una mabonge. Lakini kumtukania ng'ombe, tena na mke wa mwanawe, tena mtoto wa juzi! Kuanzia hapo alimtazama Medius kwa jicho jingine, na jicho likitafuta halikosi. Akakumbuka kwamba Medius alikwenda Bwera kumwona mama yake mara mbili, na mara moja alirudi jioni. Akakumbuka alivyocheka na kijana wa bodaboda aliyemleta. Na lipo neno la zamani ambalo kila mtu analijua, la mtoto anayekula na hakui: amebemendwa. Maana yake mama mtu, akiwa bado ananyonyesha, amelala na mwanamume mwingine, na uchafu huo umepita kwenye ziwa ukamdhoofisha mtoto. Edisa hakuwa na ushahidi. Neno lenyewe halidai ushahidi, mbavu za mtoto zinatosha.

Kathembo aliporudi kutoka Beni, mama yake aliitisha kikao. Wakaja baba zake wadogo wawili, Enoka na Zedekiah, wakakaa sebuleni, wakamiminiwa chai ya maziwa mpaka ukingoni mwa vikombe. Medius alikaa chini kwenye mkeka, Bright akinyonya.

"Mutoto amebemendwa," Edisa akasema. "Maziwa mubaya iko kwa kifua ya huyu. Haiko kwa ngombe yangu."

Enoka akaguna. Zedekiah akatikisa kichwa, akapuliza chai yake.

"Kathembo," Medius akasema, "wewe unanijua. Mi sijalala na mutu. Niapishe na kitu yote unataka. Ni ile maziwa ya ngombe, nilisema, Mama alikataa."

Wazee wakacheka. Maziwa! Walikuwa nayo mikononi, matamu, na hakuna aliyeumwa tumbo. Kathembo alimtazama mama yake, kisha akatazama ndani ya kikombe chake. Mwanamume aliyezoea kulitoa lori la mbao kwenye matope ya Kongo alishindwa kuigeuza shingo yake kumtazama mkewe.

"Enda kwanza kwenu," akasema. "Tutaona."

Mtoto ni wa ukoo wa baba, basi Bright alibaki. Medius alishuka kilima peke yake na kifurushi cha nguo kichwani, na kabla hajafika kwenye migomba ya jirani blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani. Edisa aliyaona madoa yale kutoka mlangoni. Badala ya kumhurumia, alijiambia kwamba sumu yenyewe ndiyo hiyo inayomwagika, na afadhali imwagikie njiani.

Sasa mtoto alikuwa wake. Akamwongezea kikombe cha pili, cha jioni. Alimpa kwa upendo, akimpulizia, akimwimbia, akimfuta mdomo kwa pindo la kanga. Baada ya wiki tatu Bright alikuwa na kilo sita na nusu, halii tena, anatazama tu. Edisa akaogopa. Usingizi ukamwisha. Hakukuwa tena na mkwe wa kulaumiwa ndani ya nyumba, na kila alipomshika mtoto aliisikia mifupa ikimuuliza swali. Akamfunga mgongoni akateremka naye Kasese, hospitali.

Wodini alimkuta muuguzi aliyeitwa Asmah, mwanamke mfupi mwenye hijabu ya bluu na maswali mengi.

"Nyumbani mutoto anakula nini, mama?"

"Maziwa, musawo!" Edisa akajibu, akimwita daktari, kwa fahari, maana hata kwenye hofu fahari haikumtoka. "Vikombe mbili. Ya ngombe yangu mwenyewe."

Asmah aliandika. Akasema maziwa yasimamishwe, mtoto apewe uji wa mahindi na karanga, ndizi zilizopondwa na maharage yaliyotolewa maganda. Siku ya tatu kuharisha kulikoma. Siku ya nane Bright alipigania kijiko. Ndipo Asmah, akitaka kuhakikisha, akampa maziwa kidogo asubuhi, na mchana haujaisha mtoto alikuwa amekunja miguu, tumbo limejaa, kuharisha kumerudi.

"Umeona?" Asmah akasema. "Kuko watoto namna hiyo. Maziwa ya ngombe, tumbo yao inakataa. Haina ubaya, ni kuacha tu. Anyonye ya mama yake, hiyo haina shida. Mama yake iko wapi?"

"Alienda."

"Na huko nyumbani hakuna mutu aliona hii mambo?"

Edisa alisikia masikio yanamwaka. Akilini alimwona Medius amepiga magoti, akiomba wiki moja tu.

"Hapana," akasema. "Hakuna."

Jioni ile simu ililia. Alikuwa Kathembo, yuko Beni, sauti inakatikakatika. "Mama, musawo anasema nini? Ni ile kitu ya Medius, ao ni ugonjwa? Kama ni ugonjwa nipitie Bwera nimurudishe."

Neno moja lingetosha. Lilikuwa limeshafika ulimini, na Edisa aliusikia uchungu wake kama mwarobaini. Lakini nyuma yake aliwaona Enoka na Zedekiah, na chai ile, na kilima kizima kikisema kwamba mwenye ng'ombe alikuwa akimuua mjukuu wake kwa kikombe, akamfukuza aliyemwambia. Aibu ilimkaba, aibu ya mtu aliyezoea kusifiwa.

"Ni minyoo," akasema. "Wamemupa dawa."

"Na Medius?"

"Ile mambo yake iko palepale."

Akakata simu, akalia, lakini alilia akiwa ameshasema.

Bright alirudi Kyondo ananenepa. Alinenepa waziwazi, mbele ya watu, mashavu kwanza, kisha mapaja. Na hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo Edisa hakulitega wala hakulikataa. Watu walihesabu. Mama mtu yupo, mtoto anakauka. Mama mtu kaondoka, mtoto ananawiri. Hesabu gani nyepesi kuliko hiyo? Kisimani wanawake walipiga makofi: si tulisema! Waliokuwa na shaka juu ya kosa la Medius hawakuwa nayo tena. Kila gramu aliyoongeza mtoto ilikuwa shahidi mpya dhidi ya mama yake, na bibi ndiye aliyezipima gramu hizo kwa kijiko, za karanga na maharage, huku maziwa yote akiyapeleka kuuza asije akaulizwa kwa nini mtoto hapewi.

Msidhani alilala vizuri. Mara moja alipanda boda mpaka Bwera, siku ya soko, sentensi yake ameipanga vizuri kabisa: mwanangu, ulisema kweli, nisamehe. Alimwona Medius kwa mbali, amekaa nyuma ya fungu la maharage, amekonda yeye sasa, akimpimia mteja kwa kopo bila kuzungumza. Edisa alisimama nyuma ya kibanda cha viatu kwa muda mrefu mpaka muuza viatu akamuuliza anatafuta saizi gani. Akanunua chumvi akarudi nyumbani. Chumvi Kyondo ipo.

Muda si mrefu Kathembo akapata mwanamke mwingine huko Beni. Hakuleta habari hiyo kwa kikao, aliileta kwa simu.

Ikafika Jumapili ya shukrani. Bright alikuwa na kilo tisa na nusu na viatu vipya vinavyolia, na akina mama wa kikundi walikuwa wamempangia bibi yake nafasi ya ushuhuda. Edisa akasimama mbele ya kanisa, mtoto amembeba ubavuni. Akafungua mdomo, na mlangoni akasimama Medius.

Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia sokoni kwamba mtoto amepona, akapanda kilima kuja kumwona. Kanisa zima liligeuka, likageuka tena mbele. Edisa aliwaona wote kwa pamoja: mwenyekiti wa kikundi aliyemkabidhi kamba ya ng'ombe, Enoka, Zedekiah mikono kifuani, wanawake wa kisimani. Sentensi ya Bwera ilikuwa bado anayo. Haikuwa imepungua hata neno. Na hakuna mahali pengine duniani ambapo ingefanya kazi kama pale, mbele ya masikio yaleyale yaliyosikia ile ya kwanza, ya kubemendwa.

"Huyu mutoto alikuwa anakufa," akasema. "Mungu amemuponya. Mungu iko muzuri."

"Amina!" kanisa likaitika, na ngoma zikapokea.

Nje, watu walipokuwa wakisalimiana, Medius alimjia akapiga magoti, kama mkwe anavyomsalimia mama mkwe. Hakuna aliyemlazimisha.

"Mama, asante kwa kulea mutoto."

"Amka, binti yangu."

Hakuamka. "Bado anakunywa maziwa?"

Edisa angeweza kudanganya na hapo. Uongo ulikuwa umeshamzoea. Lakini macho ya yule msichana yalikuwa karibu mno.

"Hapana."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu Kasese."

Medius alibaki magotini, akimtazama, na Edisa alitamani atukanwe. Angeshukuru kwa tusi, hata kofi angelishukuru. Medius aliinuka, akakung'uta vumbi magotini, akasema polepole, kwa sauti ya chini ambayo mtu mwingine hakuisikia:

"Basi unajua. Uko unajua, na uliniacha pale mulangoni ya kanisa."

Kisha akanyoosha mikono kwa mwanawe. Bright alimtazama huyo mwanamke mgeni, midomo ikaanza kutetemeka, akaficha uso shingoni mwa bibi yake na kupiga kelele. Medius alishusha mikono. Hakusema kwaheri. Alipita katikati ya watu, nao wakampisha njia pana, pana kuliko alivyohitaji.

Edisa alitaka kumwita. Alivuta pumzi kabisa, jina likafika kooni. Mwenyekiti wa kikundi akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Edisa, wewe ni mama kweli. Ungemuachia yule mutoto, leo tungekuwa tumeshamuzika."

"Asante," Edisa akasema, akamhamishia mtoto ubavu wa pili, maana alikuwa ameshakuwa mzito.