Kabati Lisilotoka Mlangoni

Saa mbili asubuhi dereva alipanda nyuma ya lori lake, akachora mstari wa chaki kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, akashuka akipangusa mikono. Mbele ya mstari kulikuwa na viti vya ukumbi, mali ya mtu mwingine, vimefungwa kamba hadi juu. Nyuma ya mstari kulikuwa kutupu.

"Huku ndiko kwenu," alimwambia Waya. "Kinachoingia kinaingia. Kisichoingia tunakiaga hapahapa. Saa tano kamili naondoka."

Dereva huyo watu walimwita Dakika, kwa sababu hata ukimuuliza habari za nyumbani kwake atakujibu kwa dakika. Alikuwa ameleta magodoro mjini na sasa anarudi alikotoka na lori nusu tupu, ndiyo maana akakubali kubeba vitu vya watu wenye mfuko mwembamba. Wenye malori wengine watatu walitaja bei ya kumfanya mtu ahame na nguo alizovaa tu. Lakini rahisi nayo ina masharti yake. Kesho alfajiri Dakika alitakiwa apakie mzigo mwingine huko aendako, na hakuwa mtu wa kumsubiri mtu.

Waya alikuwa fundi umeme. Jina alilipata kwa kazi yake na pia kwa wembamba wake, na hakuna aliyekumbuka lipi lilitangulia. Karakana aliyokuwa akifanyia kazi ilikuwa imefungwa tangu mwaka uliopita, na baada ya miezi ya kuzungusha barua akapata nafasi kwenye kiwanda cha sabuni katika mji wa mbali. Jumatatu asipotokea, nafasi ina mtu mwingine. Huku nyuma nako mwenye nyumba alikwisha kuvipangisha vyumba vyao viwili. Mpangaji mpya, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, alikuwa ameketi kwenye korido juu ya begi lake, viatu vya kazi bado miguuni, kichwa kimeegemea ukuta, amesinzia. Kila mara walipompita na meza au ndoo alifumbua jicho moja, akaona bado hawajamaliza, akalifumba.

Kufikia saa tatu na nusu vitanda vilikuwa ndani ya lori, na meza, na magunia ya nguo, na masufuria ambayo mke wa Waya aliyapanga moja ndani ya jingine na kuyajaza soksi ili yasigongane. Kikabaki chumba cha mama. Ndani ya chumba cha mama kulikuwa na vitu viwili tu, kabati na mama mwenyewe, na mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akiliegemea kabati kwa mgongo.

"Mimi na hili ni kitu kimoja," alikuwa amesema tangu mwanzo wa wiki. "Likienda, naenda. Likibaki, nabaki nalo."

Waya alicheka aliposikia maneno hayo, akayachukulia kuwa ndiyo. Alikuwa na sababu. Siku chache kabla alimkuta mama amejifunga kitambaa kichwani, kopo la vanishi mkononi, analipaka kabati ndani na nje, hadi chini ya rafu. Jioni hiyo alimwambia mkewe kwamba mama amekubali, maana mtu hapaki vanishi kitu anachokiacha. Mkewe alimtazama kidogo, akaendelea kutafuta soksi.

Historia ya kabati hilo mtaa mzima waliijua. Marehemu baba yake Waya alikuwa seremala, tena seremala wa kutafutwa. Mwaka ambao paa la karakana yake lilivuja mvua nzima, alihamishia mbao chumbani na kumtengenezea mkewe kabati humohumo. Lilipokamilika likawa limezidi mlango kwa zaidi ya shubiri moja, hata ulilaze vipi. Kinyozi hajinyoi. Mtu aliyewapimia wenzake milango hakukumbuka kuupima wa kwake. Majirani walimcheka mwaka mzima, na yeye alicheka nao, akisema kabati si abiria, haliendi popote.

Hayo yote Waya aliyajua. Kosa lake lilikuwa la mtu wa umeme: aliamini kila kilichofungwa kina skrubu mahali fulani. Aliingia chumbani na bisibisi tatu za ukubwa tofauti, akamwomba mama asogee, akazunguka kabati mbele, akalivuta na kulizunguka nyuma. Hakuna skrubu. Hakuna hata msumari. Ndipo alipokumbuka sauti ya baba yake ikimwambia kwamba msumari ni wa seremala aliyekata tamaa. Baba aliunga mbao kwa mbao, ulimi ndani ya tundu, na jinsi alivyozifunga alitaka kumfundisha mwanawe. Mwanawe, alipofika miaka kumi na minne, akasema anataka kusomea umeme. Mzee hakusema naye siku tatu. Baada ya hapo hawakuzungumza tena habari za mbao.

Alipapasa viungo kwa vidole akitafuta pa kuanzia. Vanishi mpya ilikuwa imeziba kila ufa, ubao mzima ni laini kama sahani.

"Saa nne na dakika kumi," Dakika aliita kutoka nje.

Wakajaribu kulilaza. Wakajaribu kulisimamisha kwa kona. Waya na mkewe na Dakika mwenyewe, ambaye alijitolea dakika tano na akazihesabu kwa sauti, walilisukuma hadi mlangoni, likakwama palepale lilipokwama miaka ishirini na mitatu iliyopita. Dirisha lina nondo. Fremu ya mlango ni ya chuma na imejengewa kwa saruji, na mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama koridoni akichezea funguo, alisema kwa upole wote kwamba atakayeigusa fremu yake ataijenga upya leo hiihii. Muuguzi akafumbua macho yote mawili.

Mke wa Waya akamvuta mumewe pembeni, karibu na bomba la uani.

"Kabati lisipotoka, mama hatoki," alisema. "Unalijua hilo."

"Atakaa wapi? Chumba kina mtu."

"Kanionyesha jana. Kwa jirani, ile kona ya stoo. Amekwisha pafagia."

 Mama ana kifua. Mwezi wa pili kilimbana hata akashindwa kusema, na Waya ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, akihesabu pumzi zake shingoni mwake njia nzima, akiogopa kila baada ya moja kwamba nyingine haiji. Jirani ni mwema, lakini jirani ana miaka sabini. Nani atambeba? Kumwacha mama kwenye kona ya stoo na kwenda safari ya siku nzima, hilo hakuliweza. Kulikosa lori na kazi, hilo nalo hakuliweza, maana hao watu wanne, pamoja na binti yake aliyetangulizwa kwa shangazi, walikuwa wakila kwa mikono ya mke wake peke yake tangu mwaka jana.

Akapanda kwenye lori, akafungua sanduku la vifaa vya marehemu, akatoa msumeno.

Aliporudi nao chumbani hakumtazama mama usoni. Alimweleza kwa maneno machache kwamba atalikata katikati, na huko waendako atatafuta seremala mzuri aliunge, wala halitajulikana. Alijisikia akisema uongo.  Mama alikuwa amehamia kwenye kona pamoja na kigoda chake, mikono imekumbatia magoti.

Honi ikalia nje, fupi.

Waya akaweka meno ya msumeno kwenye fremu ya juu ya kabati.  Akavuta mara moja. Chini ya vanishi mti ulikuwa mweupe, na harufu yake, baada ya miaka yote hiyo, ilikuwa ileile ya nguo za baba yake. Akavuta mara ya pili. Unga wa mbao ukaanguka kwenye kiatu chake. Akavuta ya tatu.

"Acha," mama alisema.

Akaacha.

"Rafu ya chini. Kona ya kushoto, kwa ndani. Kwangua hiyo vanishi."

Akapiga magoti, akaingiza mkono na bisibisi, akakwangua. Chini ya vanishi kikatokea kipande cha mti mweusi, upana wa kidole gumba, kimekaa ndani ya ule mti mweupe. Kilikuwa kabari. Hata fundi umeme aliweza kuona kwamba hiyo ndiyo iliyoushikilia ulimi wa ubao wa chini, na ubao wa chini ndio ulioushikilia wa ubavuni, na kuendelea hivyo hadi juu.

"Baba yako alinionyesha siku aliyolimaliza," mama alisema. "Akaniambia, waache wacheke. Siku ya kuhama gonga hapo, litalala lenyewe."

Waya alibaki amepiga magoti. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Aliwaza kuhusu saa nzima waliyosukumana mlangoni, mkewe aliyejichubua mkono, Dakika na saa yake, kiwanda, Jumatatu.

"Ulijua," alisema. "Tangu asubuhi unatutazama tu."

"Nilijua."

"Na hiyo vanishi?"

"Nilitaka lori liondoke."

Alilisema hilo bila kuficha uso. Kisha akasema mengine, polepole, kwa sababu ya kifua. "Ulinipangia siku, baba. Ukanipangia lori, ukanipangia na chumba cha kulala. Kuniuliza, hukuniuliza. Hapa nikikohoa usiku, ukuta wa pili unauliza nimeamkaje. Huko nitamkoholea nani?"

Ilikuwa kweli. Waya alikuwa ameuliza bei za malori manne. Alimuuliza Dakika kama njia ina mashimo, akamuuliza mwenye nyumba kuhusu funguo, akamuuliza mkewe kuhusu masufuria. Mama alipewa taarifa tu, tena Waya akiwa amesimama mlangoni, ana haraka. Hasira ikamtoka, na kilichoingia mahali pake kilikuwa aibu.

Honi ikalia tena, ndefu. Dakika akatokea mlangoni kusema zimebaki dakika kumi na mbili, akaona nyuso zao, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake pengine, akanyamaza.

"Mama," Waya alisema. "Unataka kuja?"

Alimaanisha swali, na ndiyo maana liliogopesha. Akaongeza kwamba akisema hapana, watashusha vitu. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe akajua atavishusha kweli, na mkewe, aliyesimama nyuma ya Dakika, akajua pia, akafumba macho.

Mama akainuka kwenye kigoda.

"Sitaki," alisema. "Ila nitakuja. Siwezi kukaa kona ya stoo nikijua wewe umekosa kazi kwa ajili yangu. Lakini usiende kuwaambia watu kwamba mama amefurahi."

"Sitawaambia."

"Haya, gonga basi. Mtu wa watu anangoja."

Akagonga mara mbili kwa mpini wa bisibisi. Kabari ikachomoka, na kabati lililoshindikana miaka ishirini na mitatu likalegea, ubao baada ya ubao. Wakazitoa mlangoni chini ya kwapa, mbao kumi na moja. Zikakaa nyuma ya mstari wa chaki na nafasi ikabaki. Mama akainama, akaokota kabari sakafuni, akaifunga kwenye pindo la nguo yake.

"Hii nakaa nayo mimi," alisema. "Siku nikifika, nitakupa."

Muuguzi akawasaidia kubeba kigoda. Saa tano na dakika tatu lori likaondoka, na zile tatu Dakika hakuzitaja hata walipofika.

Walifika, lakini mama hakutoa kabari. Mbao zikaegemezwa ukutani kwenye chumba chake kipya, nguo zake zikabaki guniani. Mke wa Waya alisema wanaishi na mlango mkubwa usiokwenda popote. Waya alitoka kazini kila jioni, akachungulia chumbani, akaona mbao, akasalimia, akaenda kuoga. Ulimi ulimwasha na hakuuliza. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Usiku alimsikia akikohoa, akaamka akasimama nje ya mlango wake hadi kifua kilipotulia.

Siku ya kumi na tisa alirudi akamkuta mama ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, nyundo mapajani. Mama alisema kwamba jirani mmoja wa chumba cha pili amekuja asubuhi kumuuliza ameamkaje, maana amemsikia usiku, na wameongea hadi adhuhuri, mdomo wa mwanamke yule haufungwi. Alilisema kama mtu anayelalamika. Kisha akafungua pindo la nguo.

"Shika huku," alisema.

Waya akashika. Akainua ubao mmoja mmoja jinsi alivyoelekezwa, ulimi kwenye tundu, na mwisho mama akapiga magoti mwenyewe, akaiweka kabari mahali pake, akagonga mara mbili.

Juu, kwenye fremu, mkato wa msumeno ulikuwa ungali pale, mweupe, kina cha kucha. Waya akaleta kopo la vanishi na brashi.

"Uache uonekane," mama alisema. "Siku ukitaka kutuhamisha tena, utautazama huo kwanza, halafu utakuja kuniuliza."

Waya akafunika kopo, akalirudisha uani.